Masufuria ya Harusi

"Hiyo sufuria kubwa haishuki," alisema Hemed, na akaubana mlango wa nyuma wa pikapu kwa mgongo wake ili Mwatime asiufungue. "Nimeipakia mwenyewe, kiuno changu ni shahidi. Inakwenda Stafford."

"Sijasema ishuke hapa. Nimesema ipitie hifadhini kwanza."

"Kufanya nini?"

"Nimeshakwambia, shemeji. Kuchemsha maji."

"Ya samaki!"

"Si samaki. Ananyonyesha mtoto. Umepata kuona samaki ananyonyesha?"

Kioo cha mbele kiliteremshwa kidogo, na kwenye upenyo kikatokea kilemba cha sufi na chini yake jicho moja la Bi Swafwani, mwenzake Mwatime wa kupika harusini. "Nyinyi wawili mwagombana na mimi naganda. Amueni kama twenda harusini au kwa hao samaki, mradi tu gari liende."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Mansfield, mji wa Texas, na barafu ilikuwa imeshika kila kitu: nyaya, miti, masanduku ya barua, ngazi za nyumba. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Majirani walikuwa ndani na mablanketi yao. Watu watatu tu ndio waliokuwa nje mtaa mzima, na wote watatu walikuwa watu wa Mombasa, ambao baridi hawakuzaliwa nayo.

Kesho yake, Ijumaa, Nawal, binti pekee wa Mwatime, angefungishwa nikaha kule Stafford, kando ya Houston, alikokuwa anafanya kazi ya uuguzi. Jumamosi ingekuwa kupambwa na karamu. Hemed alikuwa ndugu wa marehemu baba yake, kwa hiyo ndiye walii wa kumwozesha. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori baina ya Dallas na Houston, na barabara hiyo aliijua kama mfuko wake. Alijua kwamba barafu ikizidi, madaraja yangefungwa kabla ya alasiri.

Na masufuria yalikuwa sita, kila moja la kumeza mbuzi mzima. Wanawake wa Pwani waishio Dallas na vitongoji vyake walikuwa wameyanunua moja moja kwa miaka mingi, pamoja na majiko ya gesi ya miguu mitatu, wakamchagua Mwatime ayatunze. Yalilala gereji kwake. Gari lake mwenyewe lililala nje. Mwaka fulani bwana mmoja aliyafuata kwa ajili ya mgahawa wake, akarudi mikono mitupu na maneno ya kumtosha mpaka mwaka uliofuata.

"Sheria ni yako mwenyewe," alisema Hemed. "Vyombo hutoka kwa harusi, maulidi, au msiba. Si ndivyo usemavyo? Haya. Hao pomboo wanaolewa?"

"Wakifa leo utakuwa msiba. Tutakuwa tumetangulia tu kufika."

Pumzi ya Hemed ilitoka puani kama moshi.

"Mpaka adhuhuri," alisema mwishowe. "Nikishaswali, mimi na masufuria tuko njiani, na wewe umekaa ndani ya gari. Walii akikwama barabarani, mtoto ataozeshwa na nani?"

"Mpaka adhuhuri," alisema Mwatime, na akapanda nyuma pamoja na vyombo, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi na yeye hakuwa na wakati wa kulumbana juu ya viti.

Hifadhi ilikuwa kusini ya mji, penye kijito kinachoingia ziwani. Ilitunza viumbe wa maji matamu tu: kobe wa mtoni wenye mdomo kama koleo, fisi-maji waliogongwa na magari, na katika jengo la nyuma, wale waliofanya watu wazima wanyamaze wakiingia mlangoni. Pomboo wa mtoni. Walikuwa wawili, mama na mtoto.

Mama alikuwa wa rangi ya waridi, kwa hiyo Mwatime akamwita Waridi, na jina likashika. Asili yake ni mito ya Amerika Kusini, ambako jamaa zake wanazidi kupungua kwa nyavu, mabwawa na maji machafu. Yeye alikuwa ametolewa kwenye bwawa la maonyesho lililofilisika, akiwa na vidonda mgongoni na jicho moja lisiloona. Mtu wa namna hiyo humrudishi mtoni. Unamtunza. Alikuja na mimba, na alipotunzwa vizuri, akazaa. Alizaa mtoto wa kijivu, kama wazaliwavyo wote, naye akaitwa Kijivu; mkia ulitangulia. Mwatime alikuwepo, ndani ya maji mpaka kiunoni, akishika taa.

Alianza kazi pale kwa kupiga deki. Sasa aliitwa msaidizi wa matunzo, na fulana yake ilikuwa na jina lake kifuani, limeandikwa bila kosa. Kila siku alifungua mashavu ya samaki mmoja mmoja, akanusa, akatazama macho. Samaki ambaye asingempa Nawal, Waridi naye hakumpata. Kwenye shughuli za watu walimwita Mama Samaki, wakacheka. Alicheka nao, kisha akawarekebisha, na aliwarekebisha kila mara.

Jackie, daktari wa wanyama, aliwapokea mlangoni amevaa makoti mawili. Alikuwa Mtexas wa kuzaliwa, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, lakini asubuhi ile sauti ilikuwa imepungua.

"Jenereta inaendesha pampu ya hewa tu," alisema. "Haiwezi na vipasha maji. Nimewahamishia kwenye bwawa dogo la matibabu, ndani, lipoteze joto polepole. Bado linashuka, Miss Mwatime."

"Ngapi?"

"Ishirini na moja."

Jana maji yale yalikuwa ishirini na nane. Mwatime aliinama ukingoni. Waridi alikuwa karibu na ukuta, hageuki. Kijivu alikuwa juu ya maji, amejibanza ubavuni mwa mama yake, na tundu la pumzi lake lilifunguka na kufungwa haraka, haraka mno.

"Wafanyakazi wengine?"

"Barabara zimewashinda. Yuko mlinzi, na mimi."

"Basi tuko watano," alisema Mwatime. "Shemeji! Leta majiko chini ya lile paa."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyasafisha. Sufuria lililopika pilau miaka kumi lina mafuta hata ukilitazama hulioni. Tone la samli likienea juu ya maji litaingia pale pale mnyama anapovutia pumzi. Sabuni nayo haifai. Mwatime alichukua mchanga safi wa kuchujia maji, akamwaga konzi kwa konzi, akasugua kwa gunia, akasuuza, akapitisha kidole, akasugua tena. Hemed alipewa lake. Bi Swafwani naye, ambaye alikuwa amesema atakaa garini, alishuka akinung'unika, akavua bangili zake, akajitwalia matatu yaliyokwisha kusuuzwa ayakaushe.

Jiko la kwanza lilipowaka, Mwatime aliinua mfuniko ili amimine maji. Akasita. Akaingiza kichwa ndani ya sufuria.

"Nani amefukiza?"

"Mimi," alisema Bi Swafwani kwa fahari. Nyuma yake, penye kona isiyo na upepo, chetezo kilikuwa kinatoa moshi mwembamba. Alikuwa amekibeba mkobani kwa ajili ya bibi harusi. "Yalikuwa na shombo la mbuzi wa maulidi. Utampaje mgeni maji yenye shombo?"

"Ubani, Bi Swafwani! Ubani ni utomvu, umeganda kwenye bati lote!"

"Ni ubani mzuri. Wa Somalia."

"Hawa hawafukiziwi!"

"Wewe mwenyewe umesema wamezaa hapa. Mzazi hafukiziwi kwenu?"

Hemed alicheka mpaka gunia likamponyoka. Mwatime hakucheka. Alisema maneno mawili ambayo hayafai kuandikwa, kisha akayapindua masufuria yote matatu kwenye barafu.

Bi Swafwani alitazama chombo, akatazama mlango wa bwawa, akakunja mikono ya baibui. Akayasugua yote matatu peke yake, kwa mchanga, kwa maji ya kuuma mifupa, bila kuomba msaada. Alipomaliza alimletea Mwatime la kwanza alinuse.

"Sawa?"

"Sawa, mamangu."

"Ila nikizeeka mkanileta hapa, mimi mnifukizie."

Kazi ikashika njia. Masufuria sita yakachemka chini ya paa, gesi ikinguruma, na ndoo zikapita mkono kwa mkono kupitia ukumbini: mlinzi, Jackie, Hemed. Mwatime alikuwa ndani ya bwawa, amevaa suruali ya mpira mpaka kifuani. Maji ya moto humwagi tu. Alikuwa ameweka wavu kwenye pembe moja kuwazuia wanyama, akayapokea pale, akayavuruga kwa kasia, akazamisha kiwiko kama anavyopimiwa maji mtoto mchanga, ndipo akayaachia yaende. Ndoo nyingine. Kiwiko. Nyingine. Mabega yake yaliwaka huku vidole vya miguu vikiwa havina habari.

Baadaye kitu kilimgusa gotini. Waridi alikuwa amejitoa ukutani. Alikuja kwa upande wa jicho lililo hai, pua yake ndefu ikiyakata maji, akasimama mbele ya wavu kule joto linakotoka. Mtoto alikuwa chini ya pezi lake.

"Amekuja mwenyewe," alisema Hemed, ndoo mkononi. Alikuwa hajapata kumwona kwa karibu. "Loh. Kweli ni wa rangi hiyo."

"Ulidhani nasema uongo miaka yote hii?"

"Nilidhani umezidisha chumvi." Akaendelea kutazama. "Na huyu mdogo bado ananyonya?"

"Bado."

"Nawal naye alinyonya mpaka akaweza kukukaripia ukichelewa," alisema Bi Swafwani kutoka mlangoni. "Lete ndoo, Hemed, si sinema hii."

Maji yalipanda nyuzi moja. Yakapanda ya pili. Kijivu bado alipumua haraka, lakini alianza kugeuka, na mara moja alipiga maji kwa mkia wake mdogo, akamrushia Jackie usoni. Jackie alipiga kelele ya furaha ambayo bila shaka ilisikika mpaka Arlington.

Kisha simu ya Jackie ikalia, akasikiliza, na uso ukamrudia wa asubuhi. Shirika la umeme lilikuwa linasema kesho. Kesho jioni, kama mambo yatakwenda vizuri.

Hemed aliswali ukumbini juu ya boksi la katoni. Aliporudi alikuwa ameshavaa koti lake na ufunguo uko mkononi.

"Shemeji. Wakati."

Mwatime hakutoka majini.

"Tumekubaliana," alisema Hemed, kwa upole sasa, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ubishi. "Nimebeba ndoo. Sijasema neno. Lakini wingu lile la kaskazini likifika, hatupiti. Nizime majiko?"

Jackie hakujua Kiswahili, lakini sauti aliielewa. "Nenda, Miss Mwatime," alisema. "Ni harusi ya mtoto wako. Mimi na mlinzi tutafanya tuwezavyo."

Mwatime alimtazama. Wawezavyo ilikuwa nini? Majiko yangekwenda Stafford, na masufuria. Hata kama yangebaki, watu wawili wasioijua kazi ya sufuria la moto la ukubwa ule wangejiunguza kabla ya kupasha ndoo tano. Kabla ya magharibi maji yangerudi yalikokuwa asubuhi, na kabla ya alfajiri yangekuwa chini ya hapo. Waridi pengine angeishi. Mtoto, hapana. Hilo halikuhitaji kipimajoto.

Simu yake mwenyewe ilikuwa kwenye rafu ya juu, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilianza kulia. Bi Swafwani akaichukua, akatazama jina, akaielekeza kwenye uso wa Mwatime.

Alikuwa Nawal. Alikuwa amekaa chini, mikono yote miwili imeinuliwa mbele yake, imepakwa hina mbichi mpaka viwikoni, na simu imeegemezwa kwenye kitu. Nyuma yake walisikika wanawake wakicheka.

"Mama! Mmefika wapi? Mko Corsicana?"

"Hatujatoka."

"Hamja... Mama, why are you in the water?"

"Umeme umekatika hifadhini. Maji yanapoa. Tunapasha kwa masufuria ya kikundi."

Cheko la nyuma lilikatika. Nawal alisogeza uso karibu na kamera.

"Nisikilize," alisema Mwatime. "Ami yako anaondoka sasa hivi. Nikaha yako iko palepale kesho, baada ya sala ya Jumaa. Huko msikitini mimi sina kazi hata ningekuwepo. Kazi yangu ni kukupamba na kulisha watu, na hiyo tunaisogeza wiki moja. Masufuria hayaji. Na mimi siji."

"Mama, watu mia mbili."

"Najua."

"Mama mkwe ameshanunua mbuzi."

"Wamechinjwa?"

"Bado."

"Basi wameongezewa wiki ya kuishi."

"Usinichekeshe!" Machozi yalikuwa yameanza, na mikono ile iliyopakwa haikuweza kuyafuta, kwa hiyo aliyaacha yateremke. "Nimekasirika sana, Mama."

"Kasirika. Una haki."

"Na nikikwambia uje?"

Hapo ndipo Mwatime angeweza kumtupia mtoto mzigo, amwache yeye achague, kisha mmoja wao aubebe miaka yote. Hakufanya hivyo.

"Usiniambie," alisema. "Hili nimeliamua mimi. Nakupa habari, sikuombi ruhusa. Nikikukosea, ni mimi niliyekukosea, si wewe wala Waridi."

Mahali fulani nyuma ya Nawal, mwanamke aliuliza kuna nini, na mwingine akamwambia nyamaza.

"Nionyeshe Kijivu," alisema Nawal.

Bi Swafwani aligeuza simu. Ilichukua muda kwa mtoto kuibuka. Akaibuka, akapuliza, akazama.

Nawal alitazama kwa macho ya kazi yake, macho ambayo mama yake alikuwa hajapata kuyaona yakifanya kazi. "Anapumua haraka," alisema. "Lakini si kwa shida. Mama yake anamlinda?"

"Hamwachi."

"Haya." Akavuta makamasi. "Haya, Mama. Mama mkwe nitamwambia mwenyewe. Wewe usimpigie, utamkorofisha. Wiki ijayo tunafanya huko, Mansfield, gerejini kwako. Wao waje. Na hina unipake wewe, hii itakuwa imefifia."

"Mimi sijui kupaka."

"Utajua. Na uniletee picha yake nzuri, si ile ya ukungu." Kisha, kwa sauti ya kuwaamrisha wagonjwa: "Ami, vaa glavu. Usiendeshe kama barabara umeijenga wewe."

Simu ikakatika. Bi Swafwani aliishusha polepole.

"Huyo," alisema, "ni mtoto wa nani?"

"Wangu," alisema Mwatime, na ilimbidi ageukie ukuta kidogo kabla ya kusema lolote jingine.

Hemed alikuwa amesimama na ufunguo wake. "Kwa hiyo mimi nitafika ukweni na gari tupu," alisema. "Walii mzima, sina hata kijiko. Watasemaje?"

"Waambie vyombo viko kazini."

"Na mama wa bibi harusi?"

"Yuko kazini vilevile."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayekataa, lakini miguu yake ilikuwa imeshaelekea nje. Mitungi ya gesi iliyobaki, ile ya karamu, aliiteremsha yote, akaipanga ukutani mbali na moto kama mtu anayejua gesi. "Bi Swafwani, twende basi."

"Mimi? Nikae na wewe njia nzima nikisikiliza habari za matairi? Huu moto atauangalia nani?" Alikuwa ameshavua baibui, amebaki na sweta mbili na leso kiunoni. "Msalimie mtoto. Mwambie ubani wake uko na mimi, hautapotea."

Hemed alipanda gari. Alishusha kioo, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni na suruali yake ya mpira inayochuruzika. Alitaka kusema jambo, akalibadilisha.

"Ndugu yangu angebaki pia," alisema. "Angelalamika, lakini angebaki."

Pikapu ilitoka taratibu, matairi yakitafuna barafu, ikakunja penye uzio, ikaelekea barabara ya Houston. Mwatime hakungoja ipotee. Sufuria kubwa lilikuwa linatokota. Alijifunga vitambaa mikononi, akashika sikio moja, Bi Swafwani akashika la pili, wakasawazisha uzito, wakavuka kizingiti kwa hatua za ubavu, mmoja akienda kinyumenyume, wakakanyaga vigae vilivyolowa kama watu waliobebeana vyombo vya namna hii harusini kwa nusu ya umri wao.

"Kona," alisema Mwatime.

"Naiona."

Jackie alivuta wavu. Waliinamisha. Maji yakashuka kwa uzi mmoja mnene, na mvuke ukapanda, ukajaza chumba, ukafunika wavu na kasia na nyuso zao wote watatu, mpaka hapakuonekana tena ukingo wala maji. Ndani ya weupe ule, karibu kabisa na mkono wa Mwatime, kitu kilipuliza pumzi, kisha kingine, kidogo zaidi, kikafuatia.